Stevie Wonder ni mtunzi na prodyuza, mwandikeni hivyo

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita nilisomewa na simu yangu, kama ninavyosomewa gazeti lenu kila asubuhi, kwa ile sauti kavu isiyovuta pumzi hata kwenye mkato. Ilipofika kwenye habari ya Stevie Wonder ikatamka, "mwimbaji kipofu wa Marekani". Nikairudisha nyuma, nikaisikiliza upya hadi mwisho huku nikihesabu kwa vidole. Kipofu, mara sita. Mtunzi, mara moja. Prodyuza, hakuna kabisa.

Mimi pia sioni, tangu nizaliwe. Kazi yangu ni fundi sauti, na huu ni mwaka wa 22 nikiwa mbele ya meza ya kuchanganyia sauti. Neno kipofu nimelizoea na sikuandikii ili nililalamikie. Ninachokililia ni kazi ya mtu huyu, ambayo mmeifunika kwa neno hilo hadi haionekani.

Mwandishi wenu anasema Mungu alimnyima macho akamfidia masikio. Maneno hayo nimeambiwa mimi tangu utotoni, tena na watu wanaonipenda. Nayakataa kwa heshima zote. Masikio yangu hayana tofauti na ya kwako, Mhariri. Tofauti ni saa nilizoyatumikisha. Ukisema nimefidiwa, umezifuta saa zote hizo kwa neno moja, na Stevie Wonder umemfutia miaka.

Aliingia kampuni ya kurekodi muziki ya Motown mjini Detroit mwaka 1961, akiwa na miaka 11. Mwaka 1963, akiwa na miaka 13, wimbo wake uliorekodiwa jukwaani huku akipuliza kinanda cha mdomo ulifika namba moja Marekani. Hapo ndipo habari za magazeti hupenda kukaa: mtoto wa ajabu. Ila miaka iliyofuata ndiyo iliyomtengeneza. Alishinda studio na wapigaji waliomzidi umri mara mbili, akijifunza ngoma, besi, vinanda, na jinsi wimbo unavyojengwa kutoka chini. Alianza kuwatungia wenzake. Wimbo alioutunga pamoja na Hank Cosby na Smokey Robinson uliwapeleka kundi la Miracles namba moja mwaka 1970, na mwaka huohuo alikuwa prodyuza wa kundi la Spinners. Alikuwa na miaka 20. Yote hayo hayamo katika habari yenu.

Mei 1971 alitimiza miaka 21, na mkataba wake wa utotoni ukaisha. Hakukimbilia kusaini mwingine. Alikwenda New York akaanza kurekodi kwa fedha zake mwenyewe, na aliporudi mezani na Motown alirudi na kazi iliyokwisha kurekodiwa. Akapata alichotaka: uamuzi juu ya muziki wake uwe wake, na haki za nyimbo ziingie katika kampuni yake mwenyewe. Vijana wanaokuja studioni kwangu huwa nawasimulia sehemu hii kabla hatujawasha hata kipaza sauti.

Huko New York alikutana na mafundi wawili, Malcolm Cecil na Robert Margouleff, waliokuwa na mtambo ulioitwa TONTO: sintesaiza nyingi, yaani ala zinazotengeneza sauti kwa umeme, zilizounganishwa hadi zikawa kama ukuta. Haukuwa na kitufe cha kuhifadhi sauti. Kila sauti ilitafutwa kwa kuchomeka waya na kuzungusha vifundo, na ukiivuruga, imekwenda. Stevie alisema anataka nini, mafundi wakaitafuta, yeye akaipiga. Mimi fundi sitakubali Cecil na Margouleff wasahaulike katika barua inayolalamikia kusahauliwa. Tuzo ya Grammy ya ufundi wa kurekodi waliyopata kwa albamu ya Innervisions ya mwaka 1973 ilikuwa haki yao. Lakini aliyeamua wimbo uende wapi, nini kiingie na nini kitoke, alikuwa kijana huyo wa miaka ishirini na kitu. Mtu wa namna hiyo katika kazi yetu ana jina lake, naye ni prodyuza.

Naomba msikilize Superstition, ya mwaka 1972, kwa spika mbili au visikizio, si kwa simu iliyowekwa mezani. Inaanza na ngoma peke yake, na anayezipiga ni yeye. Sikilizeni yale matoazi madogo yanayofunguliwa kwa mguu: hayatembei sawasawa kama saa ya ukutani. Pigo moja linawahi kidogo, jingine linakawia, na katika kuchechemea huko ndimo mwili wako unamoanza kutikisika kabla hujaamua. Kisha inaingia Clavinet. Hiki ni kinanda chenye nyuzi ndani. Ukibonyeza, uzi unagongwa, sauti inakatika kama gitaa lililobanwa kwa kiganja. Hapa hakuna Clavinet moja tu. Amepiga, akarudi akapiga tena juu yake, na tena, kila mara akijaza pengo aliloliacha mwenyewe mara iliyotangulia. Besi ile ni ya sintesaiza, nayo ni mikono yake. Tarumbeta na saksafoni tu ndizo zilizopigwa na wengine.

Nilipokuwa najifunza kazi niliirudisha kaseti ya wimbo huo hadi utepe ukalegea, nikitaka kuzitenganisha zile Clavinet. Ilinichukua wiki tatu kuhakikisha mbili. Mtu anayepiga ngoma za wimbo ambao bado haujawa na kitu kingine chochote ndani yake lazima awe na wimbo mzima kichwani. Hilo si sikio la kufidiwa. Ni akili iliyofanya kazi.

Na hakuwa mtu wa wimbo mmoja. Kuanzia 1972 hadi 1976 alitoa albamu tano, na tatu kati yake, zilizofuatana, zilipata Grammy ya albamu ya mwaka: 1974, 1975 na 1977. Mwaka 1976, katikati ya hiyo, aliyeichukua ni mwanamuziki Paul Simon, akapanda jukwaani akamshukuru Stevie kwa kutotoa albamu mwaka uliotangulia.

Sasa kuhusu kutoona kwenyewe, kwa kuwa mlitaka kukuandika. Kuna mambo ya kweli ya kuandika.

Fundi mmoja mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na santuri ya Talking Book, albamu ya Stevie, ya chapa za mwanzo. Siku moja aliniwekea jalada mikononi bila kusema kitu. Nikadhani ananipa nimshikie. Nikapitisha kidole gumba, nikakuta vinundu. Moyo ukaruka. Yalikuwa maandishi ya nukta nundu: jina la Stevie na jina la albamu, yamechapwa juu ya jalada la duka, lililokwenda mikononi mwa maelfu ya watu ambao hawakujua linasema nini. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimeshika santuri za watu nikiulizia, "Hii ya nani?" Hiyo sikuulizia. Nilikaa nayo mapajani mpaka mzee akamaliza kazi yake.

Jambo la pili ni hili. Mwaka 1976 mvumbuzi Ray Kurzweil alizindua mashine ya kuwasomea wasioona: inapiga picha ya ukurasa, inatambua herufi, inazitamka. Ilikuwa kitu kikubwa cha kuweka mezani, si cha mfukoni. Mnunuzi wa kwanza alikuwa Stevie Wonder. Urafiki wao ukaendelea, na mwaka 1982 akamwambia Kurzweil kinachomsumbua: ala za umeme zinakupa uhuru wa kupanga na kubadili sauti, lakini haziwezi kulia kama piano ya kweli. Kurzweil akaanzisha kampuni ya ala, na mwaka 1984 kikatoka kinanda cha K250, kilichojitahidi kuziba pengo hilo. Kwa hiyo ile sauti kavu inayonisomea gazeti lenu ina ukoo na mashine aliyoinunua mtu mliyekuwa mnamwandika. Habari ya namna hiyo ingemfaa msomaji anayeona na asiyeona pia.

Tena, mwaka 2016, katika utoaji wa tuzo za Grammy, alikabidhiwa bahasha ya mshindi ikiwa imeandikwa kwa nukta nundu. Akawatania waliokuwa ukumbini kwamba wao hawawezi kuisoma, akaisoma kwa vidole, lakini kabla ya kumtaja mshindi akasema kila kitu kinapaswa kufikiwa na kila mtu mwenye ulemavu. Ninaikumbuka siku hiyo kwa sababu mpwa wangu alikuwa ananisimulia kinachoonekana, na mara hiyo moja hakuwa na la kunisimulia. Nilishaelewa kabla yake.

Nimeulizwa na mwenzangu wa kazini kwa nini nijisumbue. Stevie ana Grammy 25, hana haja ya kutetewa na mimi. Ni kweli hana haja. Lakini mwaka jana nilimaliza albamu ya kwaya moja, kazi ya miezi minne, na aliyekuja kuiandika habari aliniuliza maswali tisa. Nane yalikuwa kuhusu macho yangu: ninavaaje, ninavukaje barabara, nilijisikiaje nilipokuwa mdogo. La tisa lilikuwa kama nimeoa. Hakuuliza nilivyoziweka sauti za wanawake mbali kidogo na za wanaume ili maneno yasikike, jambo nililolikosea mara mbili na kulirudia usiku kucha. Alikuwa kijana mstaarabu na nilimjibu yote. Ameandika jinsi alivyozoea kusoma, na anasoma magazeti.

Ombi langu ni dogo. Jumamosi ijayo wekeni sahihisho la sentensi moja, kwamba Stevie Wonder ni mtunzi, mpigaji wa ala nyingi na prodyuza wa muziki wake. Na ile picha mliyoiweka juu ya habari, simu yangu ilipofika hapo ilisema "picha", ikanyamaza. Mpwa wangu aliniambia amekaa kwenye kinanda, kichwa amekiinua, anacheka. Mngeyaandika maneno hayo chini yake, nisingehitaji kumwamsha mtoto.

Msomaji wenu wa kila asubuhi,
Fundi sauti