Kabla ya kuinua gari, lipelekeni kwenye mizani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye magari ya porini. Mtu akitaka kuinua gari, swali lake la kwanza dukani huwa ni "seti ya inchi ngapi?" Swali hilo limekaa kichwa chini miguu juu. Springi huchaguliwa kwa kilo, inchi zinakuja zenyewe.

Chukua eksele ya nyuma (mhimili wa magurudumu) yenye koili mbili, yaani springi za kujizungusha, kila moja ikibonyea milimita 1 kwa kilo 2.5. Kwa pamoja zinahitaji kilo 5 ili zishuke milimita 1. Sasa funga tenki la maji, droo za vifaa, tairi la pili la akiba na madumu ya mafuta, jumla kilo 250 juu ya eksele hiyo. Nyuma inashuka milimita 50, na kama ulinunua seti ya inchi mbili, zimekwisha kabla hujatoka getini. Kosa la upande wa pili nalo lipo: springi ya kubeba kilo 300 za kudumu ukiifunga kwenye gari tupu, nyuma itanyanyuka kama mkia wa nge, itadunda kila penye tuta, na tairi litakuwa hewani pale pale lilipotakiwa kushika ardhi.

Kwa hiyo gari liende mizani likiwa na tenki limejaa, watu na mizigo ya safari, lipimwe eksele ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Kisha tenga mzigo wa kudumu (bampa la chuma, winchi, keria, betri ya pili) na mzigo wa kupita. Springi ifuate ule wa kudumu. Lita 20 za maji ni kilo 20. Lita 20 za dizeli ni karibu kilo 17. Na kitu kilichotokeza mbele ya eksele hulemea kuliko uzito wake. Bampa na winchi vya kilo 100 vikiwa sentimita 90 mbele ya eksele, katika gari ambalo eksele zake zimeachana sentimita 270, vinaongeza kilo 133 kwenye magurudumu ya mbele na kuipunguzia nyuma kilo 33. Ni wenzo tu, lakini wengi huusahau, halafu wanashangaa pua imelala.

Lingine ambalo muuzaji halisemi: kuinua springi hakuinui difu, lile bonge la gia katikati ya eksele. Kwenye gari la eksele nzima (mhimili mmoja mgumu kutoka gurudumu hadi gurudumu), difu imekaa kwenye eksele na eksele imekaa kwenye tairi, kwa hiyo kinachoipandisha ni tairi kubwa, tena kwa nusu. Tairi likizidi milimita 50 kwa kipenyo, difu inapanda 25. Springi ndefu zinakupa nafasi ya tairi hilo chini ya madigadi, na pembe nzuri ya kupanda na kushuka ukingo. Zinapandisha pia kitovu cha uzito, na gari hupinduka kwa urahisi zaidi. Ukigawa upana kati ya magurudumu kwa mara mbili ya kimo cha kitovu hicho, gari la upana wa milimita 1,500 na kimo cha 750 linapata 1.0, pandisha kimo hadi 800 linabaki na 0.94 (namba ikishuka, uthabiti umepungua), na hapo hujaweka hema juu ya keria. Kwa gari linalotumika pia barabarani, milimita 50 zinatosha. Zaidi ya hapo unabadilisha nusu ya vyuma vya chini.

Sasa spesa, kile kipande kinachowekwa juu ya shokapu ili kuinua gari. Kwenye magari mengi ambayo kila gurudumu la mbele lina mikono yake miwili, shokapu na koili vimeshikwa katikati ya mkono wa chini, si mwisho wake. Kwa hiyo spesa ya milimita 25 juu ya shokapu huinua gari kwenye gurudumu hilo karibu mara mbili yake. Anayenunua ya milimita 50 akidhani atapata 50 hukaribia 100. Sivijointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) inafanya kazi imepinda, raba yake inachanika, grisi inamwagika, mchanga unaingia. Mkono wa juu nao hugusa koili gurudumu linaponing'inia, na boljointi (kiungo cha mpira wa chuma mwishoni mwa mkono) inafika mwisho wa mzunguko wake. Tena spesa hiyo inashusha shokapu nzima, hivyo kwenye shimo shokapu inaweza kufika chini kabla raba ya kikomo (ile inayozuia gurudumu lisipande kupita kiasi) haijapokea pigo. Koili inayofaa ndani ya shokapu ya urefu wake ni kazi safi zaidi, hata kama spesa inaingia kwa saa moja.

Shokapu yenyewe haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi, kwa hiyo springi ikiongezwa ugumu, shokapu lazima iwe na nguvu zaidi hasa wakati wa kurefuka, la sivyo gari litaendelea kuyumba juu chini baada ya tuta. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati, joto ndilo adui: mafuta yanakuwa mepesi, yanachanganyika na hewa yanatoa povu, na baada ya muda shokapu inabaki pambo. Aina ya bomba moja yenye gesi ya naitrojeni iliyotenganishwa na mafuta hupoa haraka, ila jiwe likibonyeza bomba, pistoni inakwama. Ya mabomba mawili hupata joto mapema lakini huvumilia kugongwa. Anayekimbiza gari masafa marefu namshauri ya kwanza. Anayetambaa kwenye mawe, ya pili.

Urefu wa shokapu msiukisie. Toa springi, simamisha chesisi kwenye stendi imara, weka jeki chini ya eksele. Pandisha eksele hadi iguse raba ya kikomo, pima kutoka tundu la juu la shokapu hadi la chini. Shokapu ikijifunga kabisa iwe fupi kuliko kipimo hicho kwa angalau milimita 10. Kisha shusha eksele taratibu huku ukitazama mpira wa breki, waya wa ABS na bomba la kupumulia difu. Kabla chochote hakijakaza, pima tena. Hicho ndicho kikomo cha shokapu ikirefuka. Ukibakiza shokapu za zamani na springi ndefu, shokapu ndiyo itakayokuwa mnyororo wa kuzuia eksele, na kila gari likiruka utasikia "ko!" mpaka kishikio kikatike. Ukiweka ndefu kupita kiasi, koili italegea na kutoka kwenye kikalio chake.

Kwa springi za bapa, pakiti mpya iliyokunjwa vizuri ndiyo jibu. Shakeli ndefu (kile kiungo kinachoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi) hutoa nusu tu ya nyongeza yake, kwa kuwa inainua ncha moja na eksele iko katikati, na huku inageuza pembe ya eksele. Bapa moja la nyongeza, nene na fupi, huinua kwa kuifanya springi iwe ngumu. Nalo mara nyingi huvunja jirani yake. Vipande vya kuinulia kati ya springi na eksele vikae nyuma tu, kimoja kwa kila upande, kamwe visipandishwe kimoja juu ya kingine. Mbele visiwekwe kabisa, maana breki ikikamatwa kwa nguvu eksele hujaribu kuzunguka na kipande kinaweza kuchomoka. Yu-bolti (zile zinazofunga springi kwenye eksele) zikifunguliwa zitupwe: nyuzi zake zimeshavutika. Mpya zikazwe kwa kipimo, zirudiwe baada ya kilomita 100 na tena baada ya 1,000.

Gari la eksele nzima mbele lina mambo yake mawili. Fimbo ya Panhard, ile inayoshikilia eksele isiende kushoto na kulia, ikiteremka inavuta eksele upande mmoja. Milimita chache hazionekani, lakini gari likiinuliwa sana fimbo ya kurekebishika ni lazima. Na kasta (mlalo wa egemeo la usukani unaoyafanya magurudumu yajinyooshe) inapungua, kwa kuwa mikono inayoshika eksele imegeuka. Dalili yake ni usukani kuwa mwepesi, kutorudi wenyewe baada ya kona, na gari kutangatanga barabarani. Kuna bushi zenye tundu lililohamishwa kidogo pembeni zinazorudisha kasta; ziagizwe pamoja na springi. Gari likianza kutetemeka usukani mzima baada ya kupiga shimo, kagua kwanza bushi za Panhard, tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu) na bolti zake kabla ya kununua shokapu ya usukani, kwa sababu hiyo huficha ugonjwa tu. Mtetemo unaotoka chini ya sakafu na kubadilika na mwendo ni wa propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu: pembe za krosi (viungo) zake mbili hazilingani tena.

Breki ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Magari mengi ya mizigo yana vali juu ya eksele ya nyuma iliyounganishwa na chesisi kwa fimbo. Nyuma ikilala, vali inajua kuna mzigo na kuongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua gari, vali inadhani ni tupu na kuzipunguza, hata ukiwa umebeba tani. Kishikio cha fimbo hiyo kihamishwe kwa kiasi kile kile gari lilichopanda.

Katika kufunga, bolti za bushi za raba zisikazwe magurudumu yakiwa yananing'inia. Raba hujipinda gari likishuka, nazo huchanika ndani ya muda mfupi. Shusha gari chini, litikise, ndipo ukaze. Kimo kipimwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, kabla na baada. Ukipima kutoka ardhini, tairi na upepo wake vitakudanganya. Baadhi ya koili zina alama ya kushoto na kulia, zikibadilishana gari linalala upande. Alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) ifanywe siku hiyo hiyo, na taa za mbele zishushwe, kwa kuwa pua ikipanda kuliko nyuma mwanga wote unamwingia machoni anayekuja mbele yako.

Msomaji wako,
Fundi wa springi na usukani