Roboti jitu halifai vitani

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa yenu iliyosifu maroboti makubwa yenye miguu kuwa silaha ya kesho. Kwenye maonyesho yanapendeza, sikatai. Vitani ni mzigo.

Tatizo linaanzia chini ya nyayo. Kifaru cha tani 60 hugawa uzito wake kwenye minyororo miwili mirefu, hivyo kila sentimita ya mraba ya ardhi hubeba takriban kilo 1. Roboti la uzito huohuo, lenye miguu miwili na nyayo za mita 1 ya mraba kila moja, likiinua mguu mmoja tu hukandamiza kilo 6 kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye shamba lililonyeshewa litadidimia, na kulikwamua ni kazi nyingine. Ukiliongezea kimo mara mbili, uzito hupanda mara nane, lakini eneo la mkato wa mguu hupanda mara nne tu. Si ajabu Archax, roboti jitu la Japani lenye kimo cha mita 4.5 na uzito wa tani 3.5, hutembelea magurudumu. Kimo nacho ni balaa: kifaru cha T-72 kina mita 2.2 tu, na huko Ukraine bado droni ndogo hukifikia. Kwa roboti, paipu moja ya haidroliki, yaani ya mafuta ya presha yanayosukuma viungo, ikipasuka gotini, presha hushuka na mtambo huanguka na dereva wake.

Waandishi wenu wakionyeshwa roboti la aina hii, waulize uzito, ukubwa wa nyayo, na saa linazofanya kazi kabla ya kujazwa mafuta. Fedha za utafiti ziende kwenye viroboti vya minyororo vya kutegua mabomu, ambavyo tayari viko kazini.