Risala ya Abiria wa Njia ya Pugu kwa Mgeni Rasmi: Treni ya Siku ya Mechi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mwenyekiti wa kikundi na wanakikundi wenzangu,
Wazazi wetu, majirani, na ninyi mliokuwa mnapita tu mkaona viti mkakaa,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wengine wote, habari za asubuhi.

Karibu sana Pugu. Tumeambiwa umekuja kwa gari kupitia foleni ya Barabara ya Nyerere, kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa risala hii umeshausoma njiani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu ni cha abiria wa treni ya mjini hapa Dar es Salaam pamoja na wafanyabiashara wadogo wanaoishi kwa treni hiyo. Wamo mama lishe, wauza karanga, mabinti wa uwakala wa pesa na bodaboda wa kituoni. Yumo pia mzee wetu mmoja, stesheni masta mstaafu, ambaye leo amevaa filimbi yake shingoni ingawa tulimsihi aiache nyumbani. Tulianza kwa kuchangiana misiba. Siku hizi tunachangiana hata ada za watoto, na mwaka huu tumenunua vizibao vya njano 20 na sanduku la huduma ya kwanza, ambavyo utatuzindulia baada ya risala hii. Vizibao hivyo vina sababu yake, nitaifikia.

Barua yako ilitutaka tuseme changamoto zetu. Zipo, na baadhi unazijua. Lakini kikao kiliamua tusikuletee kapu lenye kila kitu, maana kapu la namna hiyo hurudi kama lilivyokuja. Tuna jambo moja: treni ya siku ya mechi.

Treni ya mjini ilianza Oktoba 2012. Wengi hapa bado tunaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Ilianza na njia mbili, moja kutoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa na nyingine ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwenda Mwakanga. Hii ya kwetu ya Pugu ikafuata mwaka 2016. Tangu mwanzo ilipangwa kwa mtu wa kazini na mwanafunzi: alfajiri inawashusha mjini, jioni inawarudisha, Jumapili na sikukuu inapumzika. Hatuna ugomvi na mpango huo. Behewa nalo linahitaji fundi.

Ila ukitazama siku ambazo jiji hili linakusanyika pamoja, ndizo hizohizo treni imelala. Sabasaba ni sikukuu. Nane Nane, ambayo wenzetu wa Msimbazi, yaani Simba, wameizoea kama siku yao, ni sikukuu. Mechi za watani wa jadi, Simba na Yanga, mara nyingi ni wikiendi. Watu 60,000 wanajaa Uwanja wa Benjamin Mkapa, jirani yake viwanja vya maonyesho navyo vimefurika, na sisi wa Pugu, Gongo la Mboto na Karakata tunagombania daladala zilezile za kila siku. Tofauti ni kwamba siku hiyo konda anapanga nauli kwa kukutazama jezi.

Naomba nikueleze usiku mmoja. Tarehe 2 Agosti 2025, ufunguzi wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Taifa Stars waliwafunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0. Wanakikundi tisa tulikuwa jukwaani. Kwenda hakukuwa na shida, maana watu huenda kidogokidogo: mwingine anaondoka nyumbani saa sita mchana, mwingine saa kumi, mwingine anaingia wimbo wa taifa umeshaimbwa. Filimbi ya mwisho ilipolia, wote tukataka kutoka kwa dakika moja. Tukaamua kutembea, Chang'ombe, Keko, mpaka Kamata penye kituo cha treni, karibu saa nzima kwa sababu tulikuwa na mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni, mtoto amelala fofofo na vuvuzela bado kaishika. Tulipofika Kamata tukasimama kando ya reli kungoja gari lolote la Gongo la Mboto. Reli ilikuwa inang'aa kwa taa za magari, tupu kabisa. Mzee wetu aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Hii inakwenda mpaka nyumbani." Hakuna aliyemjibu. Tulipanda gari saa saba kasoro, wanne wetu wakiwa wamening'inia mlangoni.

Tangu siku ile tumekuwa tukikaa Jumamosi na mzee huyu, anatufundisha kazi ya treni kwa vijiti vya kiberiti juu ya meza ya mama lishe. Tumejifunza kwamba kuomba treni ya mechi si kuomba treni tu. Tunaomba utusikilize kidogo hapa, maana tusingependa ombi letu likubaliwe halafu likafanywa vibaya, watu wakasema mnaona, treni haiwezi.

Chukua behewa moja libebe watu 100, wa kukaa na wa kusimama. Mabehewa 12 ni watu 1,200, sawa na Coaster 40 za abiria 30. Inapendeza. Lakini reli yetu ya zamani ni laini moja. Treni ikiondoka Kamata kwenda Pugu, ni mwendo wa kama kilomita 20, inashusha, kichwa kinahamishwa upande wa pili, inarudi. Mzigo wa pili wa watu utakuwa umekaa kituoni usiku kwa muda wa karibu saa mbili. Watu 1,200 watasifu, na watakaobaki nyuma hawatasahau. Kwa hiyo treni moja haitoshi, hata ikiwa ndefu kama ahadi za kampeni, utatusamehe. Zinahitajika mbili, moja ikiwa imepakia Kamata na nyingine inangoja Stesheni, na ya kwanza ikishafika kituo cha kupishania, ya pili iwe imeshatoka. Treni za mizigo nazo usiku huo zipangiwe muda wake mapema, kwa sababu zikikutana na hizi kwenye laini moja, mmoja lazima angoje, na asiye na sauti ni abiria.

Kijana wetu anayesoma chuo alituletea mfano wa Marekani. Kule New Jersey kuna reli iliyofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya siku za matukio tu, inayokwenda kwenye uwanja wa East Rutherford. Siku ya kawaida haina kazi. Februari 2014 ikachezwa pale fainali kubwa ya mpira wao, Super Bowl, watu zaidi ya 80,000, na maegesho ya magari yakapunguzwa ili watu watumie treni. Walitumia kweli. Waliopanda walikuwa karibu mara mbili ya waliotarajiwa. Kituo cha kubadilishia treni pale Secaucus kikafurika, watu wakazidiwa kwa joto katikati ya msimu wa baridi, na mechi ilipokwisha ikatangazwa uwanjani kwamba wenye kutaka treni wabaki kwanza kwenye viti vyao. Wale wana mabehewa ya ghorofa na taa za ishara kila mahali. Kilichowashinda ni nusu ya pili ya safari, ileile iliyotushinda sisi tisa pale Kamata.

Ndiyo maana mzee wetu anasisitiza kwamba treni ya mechi iende kwa filimbi ya refa, si kwa saa ya ukutani. Ratiba ikisema saa nne kamili, na mpira umekwenda dakika za nyongeza na matuta, treni itaondoka na viti vitupu huku wenyewe bado wameshika vichwa jukwaani. Anahitajika mtu mmoja uwanjani mwenye simu ya stesheni masta wa Kamata. Mtu mmoja tu. Kikundi kimejitolea kumtoa.

Ipo pia habari ya mechi za jioni siku za kazi. Mechi ya saa kumi inaisha saa kumi na mbili, na muda huo treni inayongoja watu Kamata ni ya mama aliyetoka kufua mjini tangu asubuhi, ambaye Simba na Yanga hazimhusu. Hatutaki mashabiki wampore nafasi yake. Kwa siku kama hizo, tunaona treni ya mechi iondoke baada ya ile ya kawaida, hata kama mashabiki watangoja. Walikwenda kwa starehe, watavumilia. Katika kikao hoja hii ilipita kwa kura moja, na aliyepiga kura hiyo ni mama mwenyewe.

Tuliuliza pia kama mabehewa ya ziada yanaweza kuazimwa TAZARA siku yanapolala. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, hii ya kwetu milimita 1,000. Tofauti ni upana wa vidole vinne, lakini kwa vidole hivyo vinne behewa la Mwakanga haliwezi kuja Pugu kamwe. Na ya SGR, reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ina 1,435. Jiji moja, reli tatu, na hakuna inayoweza kumwazima mwenzake hata gurudumu. Kwa hiyo mabehewa ya siku ya mechi lazima yatoke humuhumu, yakarabatiwe yale yaliyoegeshwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu sasa.

Kwanza, utufikishie kwa wahusika ombi la kujaribu, mechi moja tu ya wikiendi, treni mbili, Pugu na Kamata. Wasianze na watani wa jadi. Waanze na mechi ya kawaida, makosa yakitokea yawe madogo.

Tiketi iuzwe ya kwenda na kurudi kwa pamoja, mchana, ili usiku pasiwe na dirisha la kugombania. Na kwa kuwa kuingia uwanjani siku hizi ni kwa N-Card, kadi ya malipo ileile ya kuvukia kwenye kivuko cha Magogoni, tunauliza kwa nini kadi hiyo isimpandishe mtu na treni.

Njia ya miguu kati ya uwanja na Kamata iwekwe taa, hasa vipande vya Keko. Tumeitembea mara nne na mzee akachora ramani. Penye giza ametia alama ya msalaba. Misalaba ni kumi na moja.

Na wachuuzi wetu waruhusiwe kituoni usiku huo kwa utaratibu, meza zikae mbali na ukingo wa jukwaa. Mtu aliyeshika kikombe cha uji hasukumi mwenzake. Hili tumeliona kwa macho.

Upande wetu, vile vizibao 20 ni vya vijana watakaopanga foleni, kuwatanguliza wenye watoto na wazee, na kuzuia watu wasikae juu ya reli. Tunaomba wapatiwe mafunzo ya siku mbili na polisi wa reli. Posho hatuombi kwa sasa. Nimeambiwa niseme "kwa sasa".

AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Wageni watapelekwa uwanjani kwa mabasi yenye ving'ora. Sisi tutakwenda kama tunavyokwenda siku zote, na tungependa usiku ule tuwe tumeshafanya mazoezi ya kurudi.

Ramani ya mzee hii hapa, ameichora nyuma ya kalenda, naomba uipokee pamoja na risala. Baada ya hapo, mzee ameomba apige filimbi mara moja ndipo uzindue vizibao. Tumekubali mara moja tu.

Naomba kuwasilisha.