Tribal Voice isikilizwe yote

Mhariri,

Wiki iliyopita mtangazaji wa redio moja alipiga wimbo "Treaty" wa bendi ya Yothu Yindi, akauita ngoma ya kienyeji ya Australia, kisha akaenda matangazo. Iliniuma. Naomba nafasi niseme alichokiacha.

Yothu Yindi walikuwa Wayolngu, wenyeji wa asili wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, na wenzao Wazungu wachache. Jina la bendi kwa lugha yao ni udugu wa mtoto na mama. Wayolngu, kabla Waingereza hawajaweka koloni kwao, walikuwa wakifanya biashara ya jongoo bahari na mabaharia wa Makassar, katika Indonesia ya leo, waliofika na pepo za msimu. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa maisha hayo. Hadi leo Mzungu wanamwita "balanda", yaani Mholanzi, neno walilolipata kwa mabaharia hao.

Mwimbaji wao, Mandawuy Yunupingu, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Yirrkala. Albamu yao ya pili, Tribal Voice, ilitoka 1991, na "Treaty" imo humo. Maana yake ni mkataba. Mwaka 1988, pale Barunga, Waziri Mkuu Bob Hawke alikabidhiwa tamko la wenyeji lililozungushiwa michoro yao, naye akaahidi kwamba mkataba kati ya serikali na wenyeji utafungwa ifikapo 1990. Ukaja 1990, ukapita, mkataba hakuna. Ndipo wimbo ukatungwa.

Toleo la kwanza halikutamba. Lililotamba ni lile lililochanganywa upya kwa ajili ya madisko, ambamo maneno mengi ya Kiingereza yaliyomdai Hawke ahadi yake yaliondolewa, yakabaki ya Kigumatj, lugha ya ukoo wa Mandawuy. Nafurahi kwamba lugha ya watu wachache hivyo ilichezwa duniani kote. Lakini waliocheza hawakujua kuna deni.

Ndiyo maana nasema albamu isikilizwe yote. Kati ya nyimbo za gitaa na ngoma za roki zimo nyimbo za koo, za mti, za maji. Humo utasikia bilma, vijiti viwili vya mti mgumu, ko, ko, ko, na chini yake yidaki, gogo la mkalitusi lililotobolewa na mchwa, likinguruma bila mpulizaji kukata pumzi. Mimi huzima feni nisikie vizuri.

Mandawuy alifariki 2013 kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka 56. Ahadi ya Barunga alikuwa hajaiona ikitimizwa. Tarehe 14 Oktoba 2023 Waaustralia waliulizwa kwa kura kama wenyeji wapewe chombo cha sauti yao ndani ya katiba. Wengi wakakataa.

Basi mtangazaji akiupiga tena, naomba apige toleo la albamu lenye maneno yake yote, na awataje Wayolngu kwa jina.

Msomaji wenu,
Tanga