Risala ya Wanachama kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvunja Sehemu ya Tatu ya Tuta la Shamba la Chumvi, Lindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Mkoa,
Waheshimiwa viongozi wa dini na wa serikali za vijiji,
Wazee wetu wa pwani, wavuvi, na mama zetu wa kuchokoa pweza,
Wanachama wenzangu wa Lindi na Mtwara,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wanachama wote nakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja kukaa nasi hapa ufukweni, kwenye upepo na harufu ya tope, badala ya kutuita ukumbini. Umoja wetu una watu wa Kilwa, Lindi mjini, Rondo, Mikindani hadi Msimbati. Kazi yetu ni kurejesha mikoko na misitu ya asili ya pwani pale ilipoharibiwa. Juzi tumefanya uchaguzi, na leo tunakuonyesha kamati tuliyoichagua tena: mtaalamu wa mimea ambaye ndiye mwenyekiti wetu, mhandisi wa maji, mtaalamu wa udongo, bwana misitu mstaafu, afisa uvuvi, mwanasheria, na mwalimu wa sayansi anayetutunzia fedha. Hakuna anayelipwa. Wapo watu waliotuuliza mitaani kwa nini umoja wa wanavijiji unaongozwa na wasomi. Naomba nijibu swali hilo kwa kueleza yaliyotupata.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla ya kamati hii umoja uliongozwa na watu wenye moyo, nami nilikuwa mmoja wao. Tulipata mfadhili aliyetoa fedha kwa hesabu ya miche. Tukaokota yale matunda marefu ya mkoko yanayoanguka kama vijiti, tukayabeba kwa viroba, tukayachomeka mistari kwa mistari kwenye tope tupu lililo mbele ya mikoko iliyokuwepo. Tukapiga picha, ripoti ikaenda. Bamvua ya pili, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ikafagia karibu nusu. Iliyobaki ilizongwa na mwani mpaka ikalala. Mama mmoja anayechokoa eneo lile alikuja akasimama akatutazama, akasema, "Wanangu, hapa tangu nizaliwe hapajaota kitu. Sasa na pa kuchokoa mmepaharibu."

Maneno yale yalituuma, na tulistahili. Tope lile liko chini mno, maji hukaa juu yake muda mrefu kuliko mche wa mkoko unavyoweza kuvumilia. Na mbele kabisa baharini si mahali pa mkoko wenyewe, ule wa matunda marefu. Pale ni pa mlilana. Kila mti wa jamii ya mikoko una ngazi yake: mlilana mbele, mkoko kwenye tope la mikondo, mkandaa nyuma yake, na mchu unaovumilia chumvi kali mpaka kule juu maji yanakofika siku za bamvua tu. Mtaalamu angetuambia hayo kwa dakika tano. Hatukuwa tumemuuliza.

Mwenyekiti wetu wa sasa, siku ya kwanza alipokuja, hakuleta mche hata mmoja. Alituketisha kwenye tuta la shamba la chumvi lililoachwa, hili mnaloliona nyuma yangu, tukatazama maji yakijaa na kupwa bamvua nzima, kutwa baada ya kutwa. Wengine tulinung'unika. Kisha akamwomba mzee wetu mmoja, aliyefanya kazi ya chumvi ujanani, atuonyeshe maji yalikuwa yakipita wapi kabla ya majaruba, yale mabwawa ya kukaushia chumvi, kujengwa. Mzee akanyoosha bakora: mkondo ulikuwa unaingia pale penye mnazi uliokatika, unazunguka, unatokea kule. Mhandisi wa maji akachomeka vigingi vyenye alama za rangi, akaandika kina cha maji ya bamvua na cha maji mafu, yaani maji madogo. Alama zake na bakora ya mzee vikakubaliana. Mtaalamu wa udongo akapima chumvi iliyojikusanya ndani ya majaruba, akatuambia kwamba hata tukipanda miche humu itaungua, lakini maji yakiruhusiwa kuingia na kutoka, chumvi itaoshwa yenyewe.

Kumbe tatizo lilikuwa tuta. Mwanasheria wetu akafuatilia leseni ya shamba lile mpaka akajua limeachwa kweli, akatuandikia maombi, kwa kuwa misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali na mtu hawezi kuigusa kwa mapenzi yake tu. Wakala wa Huduma za Misitu wakakagua, mkutano wa kijiji ukaridhia. Tukavunja tuta sehemu ya kwanza, baadaye ya pili, kwa majembe na mikono; ya tatu ndiyo ya leo.

Naomba nikuonyeshe nilichokiona mwenyewe baada ya masika. Nilikuwa nakagua vigingi vya mhandisi, nikainama kufunga kamba ya kiatu. Karibu na shimo la kaa palikuwa na majani mawili manene, yanang'aa, mafupi kuliko kidole gumba, na ganda la mbegu bado limeng'ang'ania ubavuni. Mchu. Hakuna mtu aliyeupanda. Ulikuja na maji, ukakuta njia iko wazi, ukashika. Nilipoinua macho nikaona mwingine, na mwingine, wamefuata mkondo ule ule alioutaja mzee. Nilikaa pale mpaka maji yakanifika magotini.

Iko jumuiya ya kimataifa ya urejeshaji wa ikolojia, SER, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1988. Nayo ina matawi ya kanda yanayoongozwa na wataalamu wanaojitolea, kila mmoja akiwa na ajira yake. Mwenyekiti wetu hutukumbusha maana wanayoitumia: kurejesha ni kusaidia mfumo ikolojia ulioharibika upate nafuu. Neno analolikazia ni hilo la kusaidia. Sisi zamani tulidhani kazi yetu ni kupanda.

Kule Rondo somo ni hilo hilo kwa sura nyingine. Sehemu kubwa ya msitu wa asili wa uwanda ule ilivunwa mivule enzi za mkoloni, na baadhi ya maeneo yakapandwa mitiki na misonobari. Ukipita barabarani utaona kijani na utasema msitu upo. Lakini bwana misitu wetu hutuchukua usiku na tochi kwenye vipande vya asili vilivyobaki, tumsikilize komba wa Rondo. Ni mnyama wa gramu sitini hivi, mkia kama brashi ya chupa, ambaye wanasayansi walimpa jina lake la kitaalamu miaka ya 1990 tu, na makazi yake ni vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania. Hayupo mahali pengine duniani. Mheshimiwa, huyo ni mtoto wa Lindi na Mtwara, na hana pa kuhamia.

Sitaki ieleweke kwamba wataalamu hawakosei. Wamekosea, na wamesahihishwa hadharani na akina mama na wavuvi, na kwenye daftari la mikutano imeandikwa hivyo. Ndiyo sababu tumewachagua tena. Wenzetu wa Kilwa walionyesha njia: mwaka 2009 misitu ya baadhi ya vijiji vyao ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa msaada wa wataalamu wa shirika la uhifadhi la MCDI, na mpingo ukaanza kuuzwa na wanakijiji wenyewe kihalali. Pale utaalamu ulikwenda kijijini, ukakaa.

Wazee waliopo hapa wanakijua kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952, kwa kukiona au kwa kusimuliwa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam, tukabaki huku kama kisiwani. Mikoko haizuii kimbunga, ila huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo, na wenye nyumba za nyuma ya mikoko wanajua tofauti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. Wengi wa viongozi wetu ni watumishi wa umma, nao hufanya kazi hii Jumamosi na jioni. Bamvua haingoji Jumamosi. Tunaomba waajiri wao wawape ruhusa ya siku chache kila mwezi kwa kufuata kalenda ya maji. Pili, mashamba ya chumvi yaliyoachwa katika mikoa yetu miwili yaorodheshwe, na leseni zake zijulikane. Tupo tayari kuifanya kazi hiyo pamoja na halmashauri bila malipo.

Ombi la tatu ndilo zito kuliko yote. Nchi yetu imeahidi kurejesha hekta milioni 5.2 ifikapo 2030, na kila halmashauri ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Tunaunga mkono kwa moyo wote. Tunaomba tu kwamba kwa Lindi na Mtwara taarifa yako ihesabu pia miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, na ile iliyojiotea yenyewe baada ya njia ya maji kufunguliwa. Hesabu ya siku ya kupanda tuliwahi kuipeleka sisi, na miche ile leo haipo.

Mwisho, Mheshimiwa, mhandisi wetu ameniandikia kwenye karatasi kwamba leo maji yanaanza kujaa saa tisa alasiri. Jembe lako liko pale penye kigingi chekundu, na mzee wetu mwenye bakora ndiye atakayekuonyesha pa kupiga.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama