Daftari la ukoo sasa ni lako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliponipigia kuuliza kama lile daftari langu la ukoo bado lipo, nilicheka peke yangu. Wewe uliyekuwa ukisinzia nikianza tu kutaja majina ya mababu! Lipo, na sasa ni lako. Ila kurasa za mwanzo usiziamini.

Nilianza kwa pupa. Nikisikia jina, naandika, bila kutaja nimelisikia kwa nani wala lini. Mwisho nikajikuta na babu wawili ndugu, kumbe ni mtu mmoja: karani mmoja aliandika jina lake kwa L, mwingine kwa R. Miaka miwili nilimtafuta mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Tangu hapo kila mstari una chanzo chake pembeni: nani kasema, siku gani, au ni cheti gani. Wewe fanya hivyo tangu jina la kwanza, hata likiwa langu.

Tarehe nazo zitazame kwa jicho la pili. Ukikuta 1 Januari, huenda mhusika alizaliwa siku hiyo kweli, au huenda karani hakuwa na siku nyingine ya kuandika. Na wazee usiwaulize mwaka. Waulize, "Wakati huo ulikuwa umeshamzaa nani? Nani alikuwa bado mgongoni?" Hapo utapata majibu ya kuaminika, na vicheko juu yake. Omba ruhusa uwarekodi. Ukionyeshwa picha ya zamani, andika majina nyuma yake kwa penseli laini, pembeni. Wino hupenya ukaharibu sura.

Usitake kuwapata wote. Wazazi ni 2, babu na bibi 4, na ukipanda vizazi kumi nafasi ni 1,024. Nasema nafasi kwa sababu jamaa wa mbali walioana, na mtu mmoja aweza kukaa kwenye matawi mawili. Mimi nilishika upande wa mama tu, na bado sijamaliza.

Umetaja kipimo cha DNA. Sikukatazi. Jua tu kwamba kwa kila babu au bibi umerithi takriban robo, na wewe na dada yako hamkurithi vipande vilevile, kwa hiyo majibu yenu yatatofautiana bila mtu kukosea. Tena kipimo hakina adabu: kinaweza kumtaja baba ambaye familia nzima ilikubaliana kutomtaja. Zungumza kwanza na walio hai.

Ukurasa wa 14 nimeuacha wazi. Ni wa shangazi yangu mkubwa, yule anayekuita mchumba. Siku hizi kumbukumbu zake ni nzuri asubuhi, jioni anachanganya. Vyeti vitakusubiri, yeye mpigie kesho, kabla ya saa nne.

Mama yako