Harambee ya Karakana ya Karatasi za Mkonge na Uchapaji wa Picha

Ndugu wazazi, wahitimu na marafiki wa shule yetu,

Bodi ya Shule, kwa kushirikiana na Kamati ya Wazazi, inawaomba mtuchangie shilingi 9,250,000 ili tukamilishe karakana ambamo wanafunzi wa sanaa watatengeneza karatasi kwa mikono yao na kuchapa picha zao juu ya karatasi hizo hizo. Gharama yote ni shilingi 12,400,000, na wazazi wamekwisha kuchanga shilingi 3,150,000.

Anayeijua Korogwe hahitaji kuelezwa habari za mkonge, zao lililoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na ambalo limesomesha watoto wengi wa hapa. Jani la mkonge likisingwa, yaani likikwanguliwa nyama yake ili nyuzi zitoke, nyuzi zinazopatikana ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Katika mabaki zimo nyuzi fupi zisizofaa kwa kamba wala magunia, nazo ndizo tunazookota. Wanafunzi huzikata vipande vyenye urefu wa pingili ya kidole, huzichemsha kwa saa kadhaa katika maji ya magadi mpaka zilainike, huzisuuza hadi maji yatoke safi, kisha huzitwanga kwenye kinu. Rojo lake humiminwa katika beseni kubwa la maji. Fremu yenye wavu huzamishwa humo, huinuliwa ikiwa imelala sawa, na hutikiswa kidogo ili nyuzi zishikane kabla maji hayajachuruzika yote.

Tatizo letu liko kwenye kutwanga. Nyuzi za mkonge ni ngumu na kinu hakizichambui sawasawa, hivyo karatasi hutoka imara lakini yenye mabonge. Mwanafunzi aliyechonga picha yake kwenye ubao kwa uangalifu, akaupaka wino kwa rola, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa mwiko, huambulia picha yenye mapengo. Wapo waliotushauri tuchape picha kwenye karatasi za dukani, na hizi za mkonge tuzibandike maua makavu tuwauzie watalii. Hatukubaliani nao, kwa kuwa anayejua wino unataka nini ndiye anayejua karatasi irekebishwe wapi: ni wanafunzi wenyewe waliotambua kwamba uji mwepesi wa wanga wa muhogo, ukipakwa juu ya karatasi iliyokauka, huzuia wino usisambae. Tena kuna kazi ambazo karatasi ya dukani haiziwezi. Ubao uliochongwa ukikandamizwa juu ya karatasi ingali mbichi, na karatasi ikaachwa ikauke hapo hapo, mistari huinuka kama chale, bila tone la wino.

Fedha zitatumika hivi. Shilingi 6,200,000 ni za mashine ya kuponda nyuzi, ya aina iliyobuniwa Uholanzi katika karne ya 17, ambayo rola lake lenye visu huzungusha rojo ndani ya birika na kuzichambua nyuzi bila kuzikatakata mno. Shilingi 2,400,000 ni za shinikizo la chuma linaloendeshwa kwa jeki ya lori, litakaloundwa na mafundi wa kuchomelea wa hapa mjini. Hilo hilo litakamua maji kwenye karatasi mbichi na kuchapa picha, na kwa maoni yetu ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote. Zilizobaki, shilingi 3,800,000, ni za paa la bati na shimo la kupokea maji ya magadi, maana hatuko tayari kuyamwaga mtoni.

Asiye na fedha anaweza kutuletea mashuka na nguo kuukuu za pamba, ambazo zikichanganywa na mkonge hulainisha karatasi, au mablanketi ya sufu ya kulazia karatasi zinapotoka kwenye fremu. Tafadhali msilete vitambaa vya nailoni au poliesta, kwani havigeuki rojo.

Harambee itafanyika Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kuanzia saa 4 asubuhi, katika uwanja wa shule. Michango na ahadi zitapokelewa na mhasibu wa shule, na kila mchangiaji atapewa stakabadhi. Hesabu za mapato na matumizi zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi mpaka ujenzi utakapokamilika.

Wenu katika ujenzi wa shule,
Bodi ya Shule na Kamati ya Wazazi